Ramani yangu ya NDVI ni nyekundu tupu, kisima nichimbe wapi?

SWALI: Habari mkuu. Tuko kikundi cha vijana Chamwino, Dodoma, tuna ekari 20 na tunataka kulima nyanya kiangazi. Nimeshusha picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya mwezi wa saba, nikatengeneza ramani ya NDVI kwenye programu ya ramani ya QGIS, karibu eneo lote limetoka jekundu. Je, hapo palipo pekundu zaidi ndo penye uhaba mkubwa wa maji, ndo tuchimbe kisima?

JIBU: Salama kabisa, na hongera, wengi wanaishia kwenye kuinstall tu. Ila hapana, usichimbe kwa kufuata wekundu. NDVI inapima ukijani wa majani, haipimi kiu, wekundu maana yake ni ukijani kidogo tu. Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba hivi inaisha Aprili, milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, sasa mwezi wa saba mtama umeshavunwa, nyasi zimekauka, unategemea ramani iwe rangi gani? Mimi mwenyewe zamani niliwahi kuipaka mbuga nzima rangi ya "ukame mkali" kumbe watu walikuwa wameshavuna wako nyumbani wanakula.

Geuza swali. Chukua picha za Septemba na Oktoba za miaka mitano sita, afu tafuta vidoa ambavyo kila mwaka vinabaki KIJANI wakati kila kitu kimekauka. Kando ya korongo, bondeni, hapo pengine maji yako karibu na mizizi. Pengine pia ni miembe ya mtu, kwa hiyo lazima uende kwa miguu ukaone. Kwa kiangazi angalia na WaPOR, data ya setilaiti ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), ni bure, inakuonyesha maji yanayopotea hewani kutoka kwenye udongo na mimea kwa kila siku 10. Mvua utaipata CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti na vituo, ina data tangu 1981, ila pikseli yake moja (kimraba kimoja cha ramani) ni kama kilomita 5 na nusu kila upande, yaani zaidi ya ekari 7,000, shamba lenu lote ni kijipande tu humo ndani, kwa hiyo itumie kujua misimu ya eneo, sio kona ya shamba.

Sasa mahitaji, hapa ndo penye kazi. Tuseme Oktoba jua na upepo vinavuta milimita 6 kwa siku, nyanya ikiwa imejaa majani inavuta zaidi kidogo, zidisha kwa 1.15, unapata karibu 7. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni kama lita 28,000 kwa siku kwa ekari MOJA, na kwa kuwa hata dripu nzuri inapoteza kidogo weka 31,000. Mara 20 ni lita 620,000 kila siku! Kisima cha lita 3,000 kwa saa, pampu ya sola ikapiga masaa 7, ni lita 21,000, haifikishi hata ekari moja. Ardhi mnayo, kinachobana ni maji, so anzeni na theluthi mbili ya ekari hivi, hapo mkilala na hesabu zenu hazitawasumbua.

Ukishapata vidoa viwili vitatu, mlete mtaalamu apime chini kwa vifaa, ulizieni kibali bodi ya maji ya bonde lenu, na kisima kikichimbwa pimeni chumvi kabla hamjanunua hata mpira mmoja wa dripu. Tena msiamini kisima cha mwaka wa mvua nyingi, maji ya ardhini ya Makutupora hapo hapo Dodoma yanajazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kama ile El Niño ya 1997/98, katikati yanashuka tu.

Nitumie lita kwa saa mlizopimiwa na tarehe mtakayohamishia miche, tupige hesabu ya wiki kwa wiki kwenye CROPWAT, programu ya FAO ya kukokotoa maji ya mazao.