Mume na mke wa hadithi yako wanaongea mno

Futa huo ukurasa. Umeuliza mambo matatu: mazungumzo ya mume na mke yaandikweje, alama za mtajo ziwekwe wapi, na hadithi iishie wapi. Mimi nimekwama kwenye mfano wako, pale mke anaposema: "Naogopa kwamba tukiuza kiwanja na kuhamia Bukavu nitapoteza kila nilichokijenga hapa Goma tangu volkano ya 2002." Nani anaongea hivyo huku anachambua maharage?

Najua ulikoyatoa. Mimi nilifundishwa na bwana mmoja hapa mjini, soda mkononi, beji shingoni, akatuapia kwamba mhusika asipotoa yote ya moyoni msomaji atapotea. Nikameza bila kutafuna. Nikaandika mume na mke usiku ule volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, 22 Mei 2021, wakijadili kukimbia au kubaki. Kurasa kwa kurasa! Mume anatoa hoja, mke anajibu hoja, mume analia, mke anasamehe. Nikakopa hela, nikachapisha mwenyewe. Vitabu viko chini ya kitanda mpaka leo. Angalau kitanda hakiyumbi tena. Mke wangu alisoma kidogo akauliza, "Hawa wameoana ao wako tribinali?" Nikamwambia haelewi fasihi. Yule wa beji sijui yuko wapi siku hizi, na heri nisijue.

Kinachoniuma ni kwamba usiku ule ulinikuta nyumbani kwangu. Anga jekundu, majirani wanafunga magodoro, mimi nataka tukimbilie mji wa Sake, mke hataki. Unajua tuligombania nini? Bidoni. Nani kaacha bidoni la maji bila kifuniko. Kuondoka hakukutajwa hata mara moja, na hata watoto walijua tunagombania nini. Hilo ndilo nililoliacha, nikaenda kutunga hotuba.

Kwa hiyo shika hili: jambo lenyewe wasilitaje. Wape kitu kingine wagombanie. Mwandishi Mmarekani Hemingway alifanya hivyo mwaka 1927: mwanamume na msichana wanangoja treni Hispania, wanakunywa, wanavutana kama vilima vinafanana na tembo weupe, na operesheni inayowatenganisha, ya kutoa mimba, haitajwi jina hata mwishoni. Yule mwalimu wetu hakutuonyesha hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Kwako wewe, mke na arudi kutoka soko la Virunga na sufuria:

— Hiyo ya nini?
— Ya sikukuu.
— Kubwa hivyo?
— Watu wetu watakuja Noeli. Ao hawaji?
— Mama Riziki, hiyo sufuria ni nzito.
— Nani anaibeba? Itakaa pale.
— Pale wapi?
— Pale inapokaa kila siku.

Kiwanja hakijatajwa, Bukavu haijatajwa. Ila mke ameshakataa, mume amesikia, na msomaji ameona mtu akinunua chombo kisichopandishwa kwenye boti ya kwenda Bukavu. Mume akisema "nzito" anauliza kama wataondoka. Usije ukamwekea mstari wa kueleza hilo, tafadhali, nakujua.

Halafu umesahau majina kabisa. Kwenye mfano wako wanaitana "mpenzi", sijui mpenzi wa wapi. Hapa kwetu mke anamwita mumewe Baba Riziki akimpa chai, akimwomba hela, hata akimsema. Siku atakayomwita Espoir, jina la ubatizo, tena watoto wanasikia, nyumba nzima inanyamaza. Liweke hilo mara moja tu, pale mume anapoleta mnunuzi kuangalia kiwanja bila kumwambia mtu: "Espoir, mgeni wako anakunywa chai?" Na usiandike kwamba alisema kwa hasira.

Alama za mtajo weka unavyotaka, mhariri atahangaika nazo.