Studio imekufa, injini ya gemu ni ya nani?

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Tulikuwa vijana watatu tukafungua studio ya gemu kwenye chumba kimoja Michenzani. Tulitengeneza gemu ya mashindano ya ngalawa, na injini yake, yaani programu ya ndani inayoiendesha gemu, tuliiandika wenyewe tangu mstari wa kwanza. Fedha zilikwisha, studio ikafa. Mwenzetu mmoja yuko Muscat, mwengine yuko dukani kwa baba yake Chake Chake. Injini ninayo mimi kwenye diski. Ninachojivunia ni hesabu za tanga: kusi na kaskazi zinavuma tofauti, na ndubi, kile kielea cha ubavuni, ikizama chombo kinapinduka kweli. Nataka kuitoa iwe programu huria, kila mtu aweze kuisoma, kuitumia na kuibadilisha. Watu wananambia studio ikifa mali yake haina mwenyewe. Ni kweli? Na niimalizie kwanza au niitoe hivi hivi? — Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hapo penye ndubi ndipo niliporudi kila mara.

Si kweli. Studio hufa, haki ya mtunzi haifi nayo, na Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya hakimiliki, ya mwaka 2003. Ichukulie injini yenu kama shamba la mikarafuu la urithi ambalo halijagawiwa. Ndugu mmoja hawezi kuamka asubuhi akaliweka lote wakfu, hata kama nia yake ni njema na yeye ndiye anayelipalilia. Kama mliandikisha kampuni na mkatia saini kwamba kazi ni ya kampuni, basi angalia kwanza ilivyofungwa na kama kuna mtu anaidai. Kama hamkuandikiana kitu, fungua mafaili moja moja utazame nani aliandika nini, kisha uwaombe wenzako wawili ridhaa ya maandishi. Simu haitoshi. Wakuandikie barua pepe yenye jina la injini na jina la leseni.

Waholanzi yaliwakuta haya. Kampuni iliyokuwa na Blender, programu ya kuchorea picha za pande tatu, ilifungwa mwaka 2002. Muasisi wake, Ton Roosendaal, hakuweza kuichukua tu akaondoka nayo, kwa sababu haki zilikuwa kwa wawekezaji. Walikubali kuiachia kwa euro 100,000. Watu walichanga, kiasi hicho kikatimia kwa wiki saba, na Oktoba 13, 2002 ikatoka kwa leseni ya GPL, moja ya leseni za programu huria. Wewe wenye haki ni wenzako, na bei yao labda ni salamu na maelezo mazuri.

Sasa vitu vya watu wengine. Nina hakika ndani ya folda zenu mna kitu mlichokinunua au kukiazima: maktaba ya sauti, fonti, picha za bahari. Hivyo si vyako kuvigawa. Viondoe, na pale palipokuwa na kitu andika kilikuwa nini na kilifanya kazi gani. Msimbo wa gemu ya Doom, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulipotolewa Disemba 1997 ulikuwa wa kompyuta za mfumo wa Linux, si wa mfumo wa DOS ambao watu wengi waliichezea, kwa kuwa maktaba ya sauti ya DOS ilikuwa ya mtu mwengine. Haukudharauliwa kwa pengo hilo. Gemu ya Warzone 2100, ambayo studio yake ilikuwa imeshafungwa, ilitolewa Disemba 2004 bila ya video na muziki wake. Ruhusa ya hivyo ilikuja 2008. Kwa hiyo kama gemu yenu ina udi uliopigwa na mjomba wa mtu, muulizeni mjomba, na akikataa itoke kimya.

Jambo jengine ni nywila na funguo za siri za kusainia gemu kwenye duka la mtandaoni. Kuzifuta leo hakutoshi ikiwa mlitumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, maana historia yake inatunza hata ulichokifuta. Anza hazina mpya ya msimbo isiyo na historia, na majina ya waandishi wote watatu uyaweke kwenye faili la kwanza kabisa.

Leseni? GPL inamlazimu anayeibadilisha na kuigawa atoe na msimbo wake. MIT inamwachia afanye atakavyo maadamu analibakisha tangazo la hakimiliki. Mimi kwako nachagua MIT, ambayo injini ya Godot pia iliichagua ilipofunguliwa 2014. Ni fupi, na huyo wa Muscat ataisoma kwenye simu akaielewa kabla hajasema ndiyo.

Usisubiri kuimalizia. Mimi na wenzangu wawili tuliandika programu ya kupanga ratiba za skuli, miaka mingi imepita. Tulipotawanyika kila mmoja aliamini mwenzake anayo nakala. Siku niliyoitafuta niliikuta diski kwenye droo, imefungwa mfuko wa plastiki, na meno ya shaba pale waya unapoingia yameota ukungu wa kijani kwa chumvi ya hewa yetu. Haikuwaka tena. Nilikuwa nasubiri niisafishe programu ndipo niwaoneshe watu.

Na nakuomba kitu kimoja. Kama ndani ya msimbo mliandika majina ya sehemu za chombo kama tanga, foromali, demani na mrengu, usiyageuze Kiingereza ili wageni wakuelewe. Andika ukurasa mmoja wa maelezo, kila neno na maana yake, pamoja na toleo la kompaila mliyotumia, ile programu inayougeuza msimbo uweze kuendeshwa na kompyuta. Kijana wa Nungwi au Mkoani atakayeifungua aone chombo anachokijua.

Leo usiku nakili hiyo diski mara mbili, nakala moja ikae nyumba nyengine. Kesho waandikie wenzako. Wakiridhia, niletee anuani ya hiyo injini: nina wanafunzi wanne hapa Mwanakwerekwe, na mmoja baba yake ni fundi wa ngalawa. Huyo nitamkabidhi hesabu za ndubi.