Uvimbe wa ini Turkana: soma picha kabla ya kushika sindano

Ukiripoti kazini Lodwar, au kituo chochote cha wafugaji, weka jambo hili akilini tangu siku ya kwanza: usichome uvimbe wa ini ambao hujausoma vizuri kwenye ultrasaundi. Tegu wa mbwa, Echinococcus granulosus, hujenga kifuko cha maji kinachokua polepole kwa miaka mingi. Ukikitoboa ukidhani unachukua kipande cha nyama cha kupima saratani, maji yakavuja, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali palepale kitandani, presha ikashuka. Akipona hapo, mbegu za minyoo zilizomwagika huota vifuko vipya tumboni.

Kifuko kichanga hakisumbui kukitambua. Ni duara jeusi lenye ukuta wa mistari miwili. Mgeuze mgonjwa na utaona chembe nyeupe zikielea ndani. Kikiwa na vifuko watoto huonekana kama sega la asali. Utando ukibanduka, huelea ndani ya maji.

Vifuko hivi hupangwa kwa hatua, CE1 hadi CE5, kuanzia kichanga hadi kilichokauka. Kinachowakosesha wengi ni hatua ya CE4. Maji yamekwisha, ndani kumebaki uji mzito na tando zilizojikunja kama donge la uzi, na picha inafanana kabisa na nyama ngumu. Hapo ndipo huandikwa "saratani", na mtu ambaye angeishi anarudishwa nyumbani kusubiri kufa. Tulia. Fuatisha ile mistari iliyokunjamana, kisha washa dopla, sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha damu ikipita: ndani ya kifuko hakuna damu inayopita. Ukipata siti skani yenye dawa ya mishipa, saratani ya ini kwa kawaida hung'aa dawa ikiwa kwenye ateri, kisha hufifia kuliko ini lenyewe. Ndani ya kifuko hapang'ai. Chokaa kwenye ukuta wa kifuko husaidia, lakini peke yake haitoshi.

Vipimo vya damu visikudanganye. AFP, protini ya damu inayopimwa kutafuta saratani ya ini, iliyopanda sana huelekeza kwenye saratani, ila ya kawaida haiiondoi. Pima homa ya ini B pia. Kipimo cha kingamwili cha tegu huweza kutoka hasi na kifuko kipo, na eosinofili, seli za damu zinazopanda kwa minyoo na mzio, mara nyingi hazipandi kabla hakijavuja. Homa na maumivu ya siku chache upande wa kulia? Fikiria jipu la amiba.

Sindano ikilazimu, iwe mikononi mwa mzoefu, na kwa kifuko cha maji cha CE1 (kichanga) au CE3a (chenye utando uliobanduka). Albendazole, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, hugawanywa mara mbili na kumezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Dozi ya kwanza itangulie sindano kwa angalau masaa manne. Adrenalini iwe tayari imevutwa kwenye bomba.

CE4 isiyo na dalili wala madhara haihitaji dawa wala kisu: rudia ultrasaundi kila miezi 6 mwanzoni, baadaye kila mwaka.