Maswali yenu ya umeme: volti, ampia na ohm za vitu vya ndani

Safari hii maswali mengi yamekuja ya hesabu na nimefurahi sana, maana fundi au mwenye nyumba anayejua hesabu hizi mbili tu hadanganyiki kirahisi. Ukinzani unaupata kwa kuchukua volti ugawanye kwa ampia, jibu ni ohm. Nguvu unaipata kwa volti mara ampia, jibu ni wati. Haya twende.

Birika langu la umeme limeandikwa 230V 2000W. Ampia hawajaandika wala ohm. Nafanyaje?

Hapo una vyote. 2000 gawanya kwa 230 unapata ampia 8.7 hivi, halafu 230 gawanya kwa hizo 8.7 unapata ohm kama 26 na nusu, huo ndo ukinzani wa koili yake. Na kwa mnaouliza LUKU kila siku, uniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima, kwahiyo birika hilo likichemsha dakika 6 limekula 0.2 ya uniti.

Shikamoo fundi. Nina balbu ya uzi ya wati 100, hesabu inanipa ohm 529 ila nikiipima na multimita nasoma kama 40. Multimita yangu mbovu?

Marahaba mdogo wangu, multimita yako nzima na hesabu yako iko sawa. Umepima balbu ikiwa ya baridi. Ule uzi ni tungsten, ukiwaka unafika nyuzi zaidi ya 2000 za Selsiasi na ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi, kwahiyo 529 ni ohm za balbu inayowaka na 40 ni ohm za balbu iliyolala. Ndo maana balbu hizi hupenda kukatika pale pale unapobonyeza swichi, kwa nukta ndogo sana inavuta ampia nyingi kabla haijapata moto. Ukitaka ohm za kweli za kitu kinachofanya kazi, pata volti na ampia kikiwa kazini, halafu gawanya.

Kwetu jioni umeme unashuka mpaka volti 180. Pasi yangu ya wati 1000 inakuwa wati ngapi?

Wengi wanakosea hapa, wanapunguza kidogo tu kulingana na volti. Ohm za pasi hazibadiliki sana, ni 53 hivi, ila volti zikishuka ampia nazo zinashuka, na wati ni hizo mbili zikizidishwa, kwahiyo unapigwa mara mbili. 180 gawanya kwa 53 ni ampia 3.4, mara 180 unapata kama wati 610. Pasi ya elfu moja imekuwa ya mia sita, shati la pamba hunyooshi hapo. Pasi haitaharibika lakini friji usiifananishe na pasi, mota yake ikikosa volti inahangaika kuzunguka na inaweza kuvuta ampia nyingi zaidi mpaka ikaungua, umeme ukiwa mdogo hivyo izime.

Soketi ya jikoni inanuka plastiki nikichemsha maji, lakini breka haishuki. Si ingeshuka kama kuna tatizo?

Dada yangu, naomba usiitumie tena hiyo soketi leo, nakujibu kwa urefu kwasababu nimeshaiona hii mara nyingi mno.

Juzi juzi nimefungua moja kama yako. Upande mmoja plastiki imekuwa kahawia kama ukoko wa wali, waya umekakamaa, na nilipoweka bisibisi skrubu ikazunguka raundi mbili nzima kabla ya kukaza, yani waya ulikuwa umeegeshwa tu. Tuseme mguso legelege kama huo una nusu ohm, unaona ni kitu kidogo. Birika likivuta ampia kama 8.6, volti zinazopotea pale ni 8.6 mara nusu, yani 4.3, na 4.3 mara 8.6 ni wati 37. Wati 37 kwenye sehemu ndogo kama punje ya karanga! Kile chuma cha solda cha mafundi redio kina wati 30 au 40 na kinayeyusha risasi, sasa wewe umekificha ndani ya ukuta.

Na breka haishuki kwasababu yenyewe inaangalia ampia, na ampia ziko zile zile za kawaida, tena zimepungua kidogo. Joto la kwenye skrubu breka hailioni. Pua yako imeona kabla yake. Zima meinswichi, ita fundi akate ule waya ulioungua mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, afunge soketi mpya akaze kisawasawa.

Taa za sola za volti 12 zinafifia nyumba ya pili, waya ni ule ule mwembamba niliotumia kwa umeme wa kawaida ukafanya kazi vizuri.

Taa za jumla ya wati 60 kwa volti 230 zinahitaji robo ya ampia tu, kwa volti 12 wati hizo hizo zinataka ampia 5. Waya wenye nusu ohm kwenda na kurudi, robo ampia inapoteza volti 0.13 hata huoni, ila ampia 5 zinapoteza volti 2 na nusu kati ya 12 zako. Weka waya mnene zaidi, au kama nafasi ipo hamisha betri ikae katikati ya nyumba mbili.