Dada na makumbusho

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchonga milango. Mwanangu anayesomea sanaa anasema kundi la wasanii lililoitwa Dada lilitaka kuivunja sanaa, ilhali kazi za kundi hilo zimejaa makumbusho. Inakuwaje? – Fundi, Bagamoyo.

JIBU: Ndugu Fundi, mwanao hakukosea. Dada ilizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1916, ikishikilia kwamba ustaarabu uliowapeleka vijana kufia kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia haukustahili kupambwa. Mwaka uliofuata, huko New York, msanii Mfaransa Marcel Duchamp, mwenye fikra zizo hizo, alichukua chombo cha kauri cha kukojolea, akakitia saini ya jina la kubuni, R. Mutt, na kukipeleka kwenye maonyesho ya chama kilichoahidi kupokea kazi ya yeyote aliyelipa ada. Chama hicho, ambacho yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake, kilikikataa, naye akajiuzulu. Chombo kikapotea. Kwa maoni yangu, ukinzani mkubwa ulikuja baadaye: mwaka 1964 Duchamp aliidhinisha nakala zilizotengenezwa na mafundi kwa kufuata picha ya zamani (wewe fundi utacheka, maana asili yake ilikuwa bidhaa ya dukani), na moja kati ya hizo inamilikiwa na makumbusho ya Tate, Uingereza.