Daktari Anajibu: Presha Imeporomoka Baada ya Upasuaji wa Moyo

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu mdogo alibadilishiwa vali ya moyo. Siku chache baadaye alishikwa na homa, presha ikaporomoka, akarudishwa kwa wagonjwa mahututi. Damu yake ilipooteshwa maabara, bakteria hawakuonekana, na antibayotiki hazijamsaidia. Je, yawezekana ni virusi? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Yawezekana, ingawa mshtuko wa sepsisi, yaani presha kuporomoka kwa sababu ya maambukizi makali, mara nyingi huletwa na bakteria, ndiyo maana antibayotiki huanzishwa bila kusubiri majibu ya maabara. Katika hali hiyo kinga hupambana na maambukizi kwa namna inayoudhuru mwili wenyewe: mishipa ya damu hulegea na kuvuja, presha hushuka, na figo hukosa damu ya kutosha.

Virusi vya influenza vinaweza kuyaanzisha hayo. Vipo pia vya herpesi na sitomegalovirusi, ambavyo wengi wetu tunaishi navyo kwa miaka vikiwa vimelala, na vinaweza kuamka pale kinga inapodhoofishwa na upasuaji mkubwa na ugonjwa mzito unaoufuata.

Kuotesha damu kwa kawaida hakuonyeshi virusi. Hutafutwa kwa kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba vya virusi, cha damu au cha majimaji ya njia ya hewa. Ulizeni, kwa heshima lakini bila woga, kama kimefanyika, kwa sababu dawa zipo: asiklovia kwa herpesi, gansiklovia kwa sitomegalovirusi, oseltamivia kwa influenza. Ulizeni pia kuhusu ekokadiogramu, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kwani vali iliyoambukizwa au moyo ulioshindwa kusukuma damu nao hushusha presha. Antibayotiki zisisitishwe kwa shinikizo la familia, maana bakteria wanaweza kuwapo hata wasipoota maabara.