Mwenzangu kakataa maua yasitiwe maji

SWALI: Shikamoo Mzee. Nafanya kazi Muscat, nalala chumba kimoja na dada wa Sri Lanka. Mwezi Mei aliamka alfajiri, akavaa nguo nyeupe, akavua hereni, na ilipopita saa sita mchana hakutia tonge mdomoni. Mbele ya picha ya Buddha aliweka maua kwenye kisahani. Jioni nayaona yamesinyaa, nikaleta maji. Akanizuia huku anacheka. Ile ni siku gani?
Mama Zuhura, Muscat

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni Vesak, siku ya mwezi mpevu. Wabudha wa Sri Lanka wanakumbuka mambo matatu kwa mpigo: Buddha kuzaliwa Lumbini, kupata nuru Bodh Gaya, na kufariki Kushinagar akiwa na miaka 80. Sisi maulidi mbali, matanga mbali. Wao wamevichanganya, na wala hawaoni ajabu.

Kutokula baada ya saa sita mchana na kuvua mapambo ni katika masharti manane wanayoyashika siku hiyo. Hilo halina fumbo.

Maua ndiyo yenye maneno. Akiyaweka husoma kwa Kipali, lugha ya kale ya vitabu vyao vya dini, kwamba kama ua hili linavyonyauka, ndivyo na mwili wangu unavyokwenda kuharibika. Sasa wewe umekuja na kikombe cha maji! Yanatolewa kwa sababu yatakufa. Ua la plastiki lisingemfaa kitu. Enzi zangu za melini nilifika hekalu la Kelaniya, jirani na Colombo, siku kama hiyo. Mayungiyungi yaliyoletwa asubuhi, mengine bado mazuri kabisa, yalikuwa yanazolewa kwa ufagio ili wanaofuata wapate pa kuweka yao. Mama mmoja alikuwa ametoka kuweka la kwake. Likapita na ufagio, hata hakugeuka.

Usidhani basi ni siku ya kununa. Barabarani taa za karatasi zimening'inia kila mlango, na vibandani wapita njia wanalishwa wali bure, dini yako haiulizwi. Ila maduka ya pombe yalifungwa, na mabaharia wenzangu walilalamika mpaka tukang'oa nanga.

Mwakani mwandalie chakula akimalize kabla ya saa sita mchana. Jioni mpe chai ya rangi; maziwa usitie.